Fomu ya Macho ya Riziki

Siku ile ningali naikumbuka, mwanangu, hata rangi ya kalamu naikumbuka. Ilikuwa nyekundu, ile niliyokuwa naandikia vipimo vya wateja wangu.

Sogeza hicho kiti, usikae mlangoni kama mgeni. Umekuja kuniuliza kama uwatoe wanao shuleni uwafundishe mwenyewe nyumbani, na umenijia mimi kwa sababu kanisani wamekuambia Mama Riziki alifanya hivyo. Ni kweli, nilifanya. Nitakueleza yote. Ila usinikatize, maana nikikatizwa nitaanza kujitetea, nami nimejitetea vya kutosha.

Ilikuwa mwaka 2015, hapa hapa Turffontein, Johannesburg, kwenye nyumba hii hii. Unaiona ilivyo: nyumba kubwa ya zamani, kila chumba familia yake, jiko moja, bafu moja, na hii veranda tunayogombania sisi tunaoshona kwa sababu ndiyo yenye mwanga. Mimi na mume wangu tulikuwa na vyumba viwili vya mbele. Yeye ni mlinzi kwenye maduka makubwa kule Sandton, anaondoka alfajiri, anarudi amechoka, hana nguvu ya kubishana na mtu. Na mimi nilikuwa mtu wa kubishana. Kwetu Uvira, Kongo, walinijua hivyo tangu nina meno ya utoto.

Riziki alikuwa na miaka tisa, yuko darasa la nne. Mdogo wake, Esta, alikuwa na sita. Mwaka ule ndio wageni tulipokuwa tukijifungia ndani siku nzima, maduka ya wenzetu yanavunjwa, simu ikilia unaogopa kuipokea. Riziki alirudi kutoka shuleni akaniuliza kwerekwere ni nini, lile tusi wanalotuitia sisi wageni. Ningemwambia nini? Nilimwambia ni neno la watu wasio na adabu, kula chakula chako. Esta naye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tena ananicheka matamshi. Nikaanza kuona shule ile inaninyang'anya watoto wangu kidogo kidogo, na mimi nimekaa tu nashona zipu za watu.

Ndipo ikaja fomu.

Riziki aliitoa kwenye begi imekunjwa mara nne. Wauguzi wa serikali watakuja shuleni, mzazi atie saini. Palikuwa na visanduku kadhaa, kila kimoja na jambo lake: sindano ya wasichana, dawa ya minyoo, meno, masikio, macho. Chini kabisa palikuwa na mstari unaouliza kama kuna mtu katika ukoo mwenye ugonjwa wa moyo, wa sukari au wa macho.

Habari ya ile sindano tulikuwa tumeshaisikia kanisani. Dada mmoja alituambia wanawachoma watoto wa wageni ili wasije wakazaa. Nani alimwambia? Hatukuuliza. Sisi tuliotoka kule kwetu tumefanyiwa mengi na watu wenye bunduki na karatasi, hatuhitaji ushahidi mwingi ili tuogope. Leo najua ile sindano ni kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Siku ile nilijua kuogopa tu.

Hata hivyo ningeweza kukataa sindano peke yake, maana kila kisanduku kilikuwa na mahali pake pa kusema ndiyo au hapana. Sikutaka. Nilichukua ile kalamu nyekundu nikachora X kubwa kutoka pembe hii mpaka pembe ile, juu ya kila kitu. Halafu nikaandika chini, tena kwa Kifaransa, ili wajue wanashughulika na mtu aliyesoma: mtoto ni wangu. Eheh! Nilijiona nimeshinda vita. Nilimwonyesha Baba Riziki, akaiangalia, akasema, "Na macho yana kosa gani?" Nikamwambia alale, amechoka.

Kesho yake mwalimu wa Riziki alinipigia simu. Mama wa makamo, sauti ya taratibu, hata siwezi kusema alinikosea heshima. Akasema, "Mama, sindano una haki ya kuikataa. Niruhusu macho na masikio tu. Ni kuangalia, hakuna anayechomwa."

Nikamjibu, "Kumwangalia, nitamwangalia mimi. Hakuna anayemjua mtoto kama mama yake."

Nikakata simu. Riziki alikuwa amesimama hapo karibu na cherehani. Nikamshika kidevu nikamwambia, "Umesikia? Mama yako anajua kila kitu chako." Akatabasamu. Kumbuka neno hilo, mwanangu, nitalirudia.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mchungaji simlaumu kwalo. Ule mstari wa ukoo ndio ulionichoma kuliko sindano. Baba yangu mzazi alipofuka. Hakuwa mzee, alikuwa bado anakwenda shambani. Ilianza akigonga milango, akimwaga chai, tukamcheka, mwishoni akawa anashikwa mkono kwenda chooni. Watu wa mtaa walisema karogwa. Nilipofika Johannesburg nikaingia kanisani, wakatufanyia maombi ya kuvunja laana za ukoo. Unayajua. Unaandika kwenye karatasi kila ugonjwa wa wazazi na mababu, mnaomba, karatasi inachomwa. Nililia sana siku ile, nikahisi mzigo umeshuka. Mchungaji alisema tusahau ya nyuma. Mimi nikaongeza la kwangu: nikasema nisilitaje tena kwa kinywa changu, nikilitaja nitalirudisha. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe nikaifanya sheria.

Basi ile fomu ikaniuliza kitu nilichokuwa nimekichoma moto. Ungefanyaje? Mimi nilichora X.

Mwisho wa muhula nikawatoa wote wawili. Ofisi ya elimu inataka ujiandikishe ukitaka kufundisha nyumbani, mimi sikujiandikisha. Nilisema Mungu ndiye aliyeniandikisha siku nilipozaa.

Nisikudanganye, mwanangu, mwanzo palikuwa na furaha. Sitaki uondoke hapa ukidhani nakwambia kufundisha nyumbani ni ubaya. Tulikuwa tunaamka tunaimba. Hesabu tulifanya kwa vitambaa: mita tatu, gauni moja mita moja na nusu, yanatoka magauni mangapi? Esta alijifunza kusoma hapa kwenye veranda kwa wiki chache tu. Kiswahili kilirudi vinywani mwao. Jioni baba yao akifika wanamsomea, naye anasinzia na tabasamu mdomoni. Miezi ile siijutii hata leo.

Baadaye Riziki akaanza kuwa mzembe. Ndivyo nilivyomwita. Anapita mlangoni, bega linagonga. Anaweka kikombe pembeni mwa meza, kinaanguka. Anajikwaa kwenye waya wa cherehani, ule ule, kila siku. Nilimgombeza. Nikamwambia akili yako iko wapi? Siku moja alimwaga chai juu ya gauni la harusi la mteja, jeupe, limebaki vishikizo tu. Nilimchapa. Nilimchapa kwa futi ya kupimia, mwanangu, naye hakulia, aliuliza tu gauni liko wapi alifute. Lilikuwa mbele yake, upande wa kulia.

Baba yangu alianza hivyo hivyo. Na mimi nilikuwepo kwa baba yangu, nilikuwa mkubwa, nilimwona kwa macho yangu. Sasa niambie, nilikuwa sijui, au nilikuwa nimejikataza kujua?

Mwaka 2017 jina langu lilikuwa limeshakuwa kubwa kanisani. Kulikuwa na maneno ya sheria mpya, kwamba maofisa watakuwa wanakagua watoto wanaofundishwa nyumbani. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka na karatasi ya kukusanya saini za kupinga. Kina mama walikuja hapa Jumamosi kunisikiliza, wengine kutoka mbali, Yeoville, Observatory. Na kila walipokuja nilimtoa Riziki awasomee Zaburi. Esta alikuwa anasoma vizuri, lakini Riziki alikuwa na sauti. Akisoma, watu wananyamaza. Alikuwa anashika Biblia kwa mikono miwili, anasoma Zaburi ndefu mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, na kina mama wanafuta machozi, na mimi nimekaa pale mbele nimejaa kama unga uliotiwa hamira.

Jumamosi moja ya Agosti kulikuwa na ule upepo wa Agosti, unaujua, wa vumbi. Tulikuwa hapa verandani. Riziki akawa anasoma. Jirani yetu, Bi Mwanaisha, alikuwa kwenye cherehani yake pale kwenye kona, anashona kanzu za watu. Ni mtu wa Tanga, anakaa chumba cha nyuma. Wageni walipopiga makofi naye alipiga. Walipoondoka akazima cherehani, akaja akakaa karibu nami.

"Mama Riziki, jirani yangu, usinielewe vibaya. Yule mtoto hasomi. Amehifadhi."

"Amehifadhi nini?"

"Yote. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mwenzangu, nimekulia kwenye jamvi na watoto arobaini. Mtoto anayesoma namjua, na aliyehifadhi namjua. Macho yake yanakaa tu juu ya ukurasa, hayaendi. Leo upepo umefunua kurasa tatu nzima, na yeye anaendelea tu."

"Kwani kuhifadhi Neno la Mungu ni dhambi?"

"Si dhambi, hata mimi nimehifadhi yangu. Mimi nauliza kama anaona."

Mwanangu, pale palikuwa mahali pa kusema asante. Mimi nilisimama. Nilimwambia, "Wewe Mwislamu utanifundisha mimi jinsi mwanangu anavyosoma Biblia? Kina mama wote wale hawajaona, umeona wewe wa kwenye kona?" Nikaongeza na mengine ambayo sitayarudia mbele yako. Aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, jirani. Nimesema niliyoyaona." Akarudi kwenye kanzu zake.

Siku ile ile nilimwita Riziki. Nikamuuliza, "Unaona vizuri?" Akasema, "Naona, Mama." Nikampa kitabu cha hadithi, nikamwambia soma hapa. Akasoma. Kumbe nilimfungulia pale pale ambapo Esta alikuwa amesoma asubuhi kwa sauti. Kitabu kilikuwa na kurasa zaidi ya mia, ningeweza kufungua yoyote. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mkono wangu ulikwenda pale. Nadhani niliogopa.

Nikahamishia cherehani yangu ndani, gizani, nikawa nashonea kwenye balbu, ili mradi nisikae na Bi Mwanaisha. Miezi tisa hatukusalimiana. Tunapishana jikoni kama watu wasiojuana, nyumba moja, bafu moja! Na yeye Eid ilipofika alileta sahani ya pilau, akaiweka mlangoni, akabisha, akaondoka. Watoto wakala. Mimi nilisema nafunga.

Mwezi wa tano mwaka 2018, mchana, nilimtuma Riziki mkate kwenye spaza ya hapo kwenye kona. Duka lenyewe unalijua, hata barabara huvuki. Alikawia. Nikaanza kupandisha hasira, nikasema huyu mtoto leo atanitambua. Mara mlango ukagongwa. Ni Bi Mwanaisha, amemshika Riziki mkono, na Riziki magoti yote mawili yana damu.

Bi Mwanaisha alikuwa analia. Akasema, "Nimemkuta anapapasa ukuta wa spaza. Mchana kweupe, Mama Riziki, jua lote hili. Anautafuta mlango kwa mikono. Sasa nitukane. Nitukane yote uliyobakiza, ukimaliza twende hospitali."

Sikumtukana. Nilimwangalia Riziki, nikanyoosha mkono nikapunga mbele ya uso wake, upande wa kulia. Hakugeuka. Nikapunga kushoto. Akasema, "Mama, kuna kitu?"

Nikamwambia Bi Mwanaisha twende.

Tulikwenda hospitali ya serikali, sisi watatu, na Bi Mwanaisha ndiye aliyebeba maji na mkate. Tulipanga foleni hii, tukapelekwa ile, tukaambiwa turudi kesho, tukarudi. Siku ya tatu Baba Riziki akaomba ruhusa kazini, tukaja naye, tukamwona daktari wa macho. Msichana tu, ningeweza kumzaa. Alimpima Riziki kwa mashine zake, akamtia matone, akampima tena. Hakuwa na haraka. Kisha akaniambia ni presha ya macho. Akasema ugonjwa huu hauumi, unakula kuona kwa pembeni kwanza, kidogo kidogo, mpaka unafika katikati, na ulichokula hakirudi. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto kimebaki kitundu cha mwanga, watajaribu kukilinda kwa dawa na upasuaji, ila hawaahidi.

Akauliza, "Kuna mtu katika ukoo aliyepoteza macho?"

Ile sheria yangu niliyojitungia ikanirudia. Nikasikia kama nikisema ndiyo nitakuwa nampofusha mwanangu kwa mdomo wangu. Na amekaa hapo, ameshapofuka. Nikasema, "Baba yangu." Nikaongeza, "Baba yangu mzazi."

Daktari akaandika. Akauliza, "Na shuleni, darasa la nne, hawakumpima? Huwa wanapita."

Mwanangu, huyo binti hakukusudia kunichoma. Alikuwa anajaza karatasi yake. Labda wauguzi wale wangepima wasione kitu, kipimo cha shuleni ni kidogo, mwenyewe aliniambia hivyo baadaye. Labda wangeona. Labda ningejaza ule mstari wa chini tu, macho, babu yake, na mtu angesema huyu mtoto apelekwe mbele. Sitajua. Nimejinyima hata kujua, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mpaka leo hainipi usingizi.

Nikamgeukia Riziki. Nikamuuliza herufi zilipotea lini. Akasema Krismasi ya mwaka juzi alikuwa bado anaziona akiisogeza karatasi, baadaye zikawa zinatoroka, akawa anamsikiliza Esta asubuhi akisoma, anashika kichwani.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Alishangaa. Alishangaa kweli kweli, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu. Akasema, "Nilidhani unajua, Mama. Ulisema unajua kila kitu changu."

Halafu akaongeza, polepole, "Nilidhani ndivyo tunavyosoma mbele ya wageni."

Baba Riziki alitoka nje. Bi Mwanaisha alikuwa kwenye benchi la ukumbini, alimwona anapita, akaja akaingia bila kuitwa, akanishika mabega. Mimi sikulia. Kulia nililia baadaye, miezi mingi, jikoni, bafuni, katikati ya maombi, mpaka nywele hizi unazoziona zikawa nyeupe kama za bibi wa miaka themanini.

Daktari alitaka Esta naye apimwe. Nilimpeleka kesho yake asubuhi na mapema. Alikutwa nayo, mwanangu. Naye alikuwa nayo, ndiyo kwanza inaanza. Ametiwa dawa, anaona kila kitu, anaona hata sindano ikidondoka kwenye zulia. Miezi ile kila asubuhi na kila jioni alikuwa Riziki anayemwita: "Esta, matone!" Ndiye aliyemsimamia, hakukosea saa. Siku ya kwanza nilipomsikia akimwita hivyo nilikwenda nikajifungia chumbani.

Esta bado anasoma nyumbani, hapa verandani. Nimeshajiandikisha ofisini, na ofisa akija namkaribisha chai. Bi Mwanaisha amekaa na cherehani yake pale kwenye kona na mimi hapa, na kila Ijumaa kabla hajaenda msikitini ananisahihisha kitu. Simjibu. Namjibu kidogo.

Riziki nilimpeleka mwanzo wa mwaka huu kwenye shule ya wasioona, ya bweni. Yupo mbali, saa nyingi kwa basi. Mimi niliyekataa kumwachia mwalimu kwa saa tano kwa siku, sasa namwachia watu nisiowajua wiki kumi kwa mpigo. Jicho la kushoto halikusimama. Upasuaji walifanya mara mbili. Lilizima polepole, na safari hii aliniambia kila hatua, kwa sababu nilimwomba aniambie: leo dirisha silioni, leo taa naiona, leo hata taa siioni.

Siku ya kumwandikisha walinipa fomu. Eheh, fomu! Ya visanduku. Nikaiweka kalamu mezani. Riziki alikuwa amekaa kando yangu, ameshika sanduku lake mapajani. Akasema, "Mama, nisomee visanduku vyote. Kimoja kimoja."

Nikamsomea. Sindano, nikaeleza ni ya nini, akasema ndiyo, nikatia saini. Minyoo. Meno. Masikio. Nikasoma taratibu, ananisikiliza kichwa kimeinama, na kila nilipotia saini alikuwa anasikia kalamu inavyokwaruza karatasi. Nilipofika chini akauliza, "Kimebaki kingine?"

Nikaangalia karatasi juu mpaka chini. Kisanduku cha macho hakikuwepo. Kwenye shule ile hawaulizi. Nikamwambia, "Hakuna kingine, mwanangu. Tumemaliza."

Basi sikiliza sasa, wewe uliyekuja na swali lako. Mtoto ni wako. Naliamini hilo leo kama nilivyoliamini siku ile, na mtu akija kukunyang'anya wanao simama mlangoni, na mimi nitakuja kusimama nawe. Ukitaka kuwafundisha nyumbani, wafundishe, nitakupa vitabu vya Esta. Lakini usifanye nilichofanya mimi. Soma karatasi kabla ya kuikataa, mstari kwa mstari, na unachokikataa kikatae chenyewe, usikatae na jirani yake. Ugonjwa wa kwenu utaje, utaje kwa daktari kwa sauti kubwa, Mungu hachukii jina la ugonjwa. Mtoto akigonga mlango mara mbili, weka futi chini, muulize anaona nini. Usimwambie kamwe kwamba unajua kila kitu chake, maana atakuamini, na akikuamini atanyamaza. Na mtu akikuambia jambo kuhusu mwanao, awe wa kanisa lako au asiwe, hata kama unamchukia, kwanza kamtazame mtoto. Hasira utaipata hata baadaye, haiishi.

Njoo, inamisha kichwa nikuwekee mkono.

Mungu wa baba zetu, aliyetulinda njiani, akulindie wanao, kila mmoja kwa jina lake. Akupe nyumba yenye mwanga na mlango ambao jirani haogopi kuugonga. Akupe watu wa kukuambia usichopenda kusikia, na akupe kusikia siku hiyo hiyo wanapokuambia. Watoto wako wauone uzee wako kwa macho yao wenyewe, mvi kwa mvi. Amina. Sasa nenda, watoto wanakungoja, na ukifika uwatazame.